"Barabara Ngumu": Funzo la Istilahi kutoka katika Landrova Kuukuu

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo lililotupata sisi wenyewe katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, na kuonyesha funzo ambalo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wanaweza kulipata humo. Jambo hilo lahusu gari kuukuu, karatasi moja ya maelekezo tuliyoiandika kwa mkono wetu, na kivumishi kimoja ambacho kila mtoto wa shule anakijua. Kivumishi chenyewe ni "-gumu".

Kazi ya istilahi aghalabu hufikiriwa kuwa kazi ya mezani: kamusi huku, orodha ya maneno ya kigeni kule, na kamati katikati. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, maneno mengi sana yamepita katika njia hiyo, na sehemu kubwa imekubalika. Hatuna nia ya kuibeza njia hiyo. Hata hivyo, upo mtihani mmoja ambao meza haiwezi kuutoa, nao ni kumpa mtu maneno yetu na kumwacha afanye kazi kwa kuyafuata, bila sisi kuwapo kumweleza tulichokusudia.

GARI LENYEWE

Kwa muda wa miaka miwili, katika siku za likizo, tumekuwa tukifufua landrova moja ya zamani katika gereji ya fundi mmoja mjini Kasulu. Gari hili tulilinunua katika mnada likiwa halina betri, halina viti, na majani yameota hadi ndani ya boneti. Tulilinunua kwa mapenzi tu. Watu wenye mapenzi ya namna hiyo si wachache katika nchi yetu: mwezi Oktoba 2024 mamia ya magari ya aina hii yalikusanyika Arusha katika tamasha la siku kadhaa, na wenye magari hayo walitoka mikoa mbalimbali.

Gari la Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1948 katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi. Katika Uingereza ya baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgawo, kwa hiyo bodi ya gari ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, nayo chesisi ikawa ya chuma. Gari letu ni la toleo la tatu, ambalo lilitengenezwa kati ya 1971 na 1985. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni inchi 109, yaani karibu mita 2.77. Injini yake ni ya petroli, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimeta za ujazo 2,286. Mafundi wa makamo wanaijua injini hiyo kama mkulima anavyolijua jembe lake, kwa sababu kwa miaka mingi magari haya ndiyo yaliyowabeba maofisa wa serikali, madaktari, wamisionari na polisi katika milima ya Buha, ambako mvua huanza mwezi Oktoba au Novemba na huendelea hadi Mei.

Somo la kwanza la lugha tulilipata kabla injini haijawashwa. Tulipokuwa tukifungua bodi tuliona kwamba chesisi imeshikwa na kutu, lakini mahali alumini ilipogusana na chuma palikuwa na unga mweupe, na bati limetoboka. Sisi tukaandika katika daftari: "kutu ya alumini". Fundi akacheka. "Mwalimu," akasema, "kutu ni ya chuma. Hii imelika." Alikuwa na haki. Kutu ni jina la kitu chekundu kinachoota juu ya chuma, ilhali kulika ni tendo linaloweza kuipata metali yoyote. Metali mbili zisizofanana zikigusana penye unyevu, umeme mdogo hupita kati yake, na moja huliwa upesi kuliko ingekuwa peke yake. Katika gari hili inayoliwa ni alumini. Neno "ulikaji", ambalo wengine hulidhani ni neno la vitabu tu, lina mzizi wake hai katika gereji ya Kasulu.

KARATASI YA MAELEKEZO

Gari lilipowaka, tulitaka vijana wa gereji waweze kuliendesha bila kutegemea kitabu cha mwongozo, ambacho hakikuandikwa kwa Kiswahili. Tukatoa sehemu zilizo muhimu, tukazifasiri katika ukurasa mmoja, tukaubandika mbele ya usukani. Sentensi ya nne ilisema hivi: "Usiunge magurudumu ya mbele kwenye barabara ngumu."

Ili msomaji aelewe kilichotokea, hatuna budi kueleza kwanza jinsi gari hili linavyofanya kazi. Nguvu ya injini hupita katika giaboksi kuu, kisha huingia katika giaboksi ndogo iliyo nyuma yake. Kwa kawaida giaboksi ndogo hupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Dereva akibonyeza kitufe cha manjano kilicho juu ya fimbo fupi sakafuni, magurudumu ya mbele nayo huungwa. Akisimamisha gari na kuivuta nyuma fimbo yenye kichwa chekundu, gari huingia katika gia nzito, na magurudumu ya mbele huungwa yenyewe. Akitaka kuyaachia, husimama, huivuta fimbo nyekundu nyuma, kisha huirudisha mbele, na kitufe cha manjano hufyatuka.

Sasa, gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu zaidi kuliko ya nyuma. Difu ya mbele na difu ya nyuma huruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kutofautiana, lakini katika toleo hili hakuna difu ya katikati ya kuruhusu mbele na nyuma kutofautiana. Penye tope tofauti hiyo haina madhara, maana tairi huteleza kidogo na mkazo huisha. Penye lami kavu tairi haitelezi. Mkazo hubaki ndani ya vyuma, usukani huwa mzito, tairi hulia, na mwishowe kilicho dhaifu kuliko vyote hukatika. Ndiyo sababu kitabu kilikataza kuunga magurudumu ya mbele kwenye ardhi ya namna hiyo.

Sisi tulipoandika "barabara ngumu" tulikuwa tukifikiria ugumu wa jiwe, ugumu wa lami. Kijana aliyekuwa akiendesha alifikiria ugumu ambao kila mtu wa Kigoma huufikiria anaposikia maneno hayo: tope, mawe, mlima, madaraja ya magogo. Kwake yeye barabara ya lami ni barabara nzuri, na barabara ngumu ni ile inayomtoa mtu jasho.

SAFARI YA KIBONDO

Siku hiyo tulitoka Kasulu kuelekea Kibondo tukiwa watu wanne: fundi, kijana dereva, utingo wake, na sisi. Katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya barabara kuu ipitayo Kasulu na Kibondo imetiwa lami, lakini njia za kwenda vijijini zingali za udongo. Kwa hiyo dereva wa sehemu hizi hubadili aina ya barabara mara nyingi katika safari moja, na maelekezo yetu yalikuwa na kazi kubwa kuliko tulivyodhani.

Kwenye lami kijana aliunga magurudumu ya mbele. Aliona kwamba karatasi haikumkataza, na kwamba gari likivutwa na magurudumu yote litashika njia vizuri zaidi. Sisi tulisikia tairi zikilia katika kona, tukadhani ni upya wa tairi. Baadaye tulichepuka kuingia njia ya udongo iliyonyeshewa usiku kucha. Hapo kijana, kwa utii kamili, alisimama akayaachia magurudumu ya mbele. Fundi alikuwa amesinzia. Tulipanda kilima nusu yake, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure katika tope, kisha ghafla yakapata mwamba na kushika. Tukasikia mlio mmoja mkavu. Ekseli ya nyuma, ile fimbo ya chuma ipelekayo nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu, ilikuwa imekatika.

Kijana alikanyaga breki, akavuta handibreki, akashuka kutazama. Utingo alikuwa ameshatangulia nyuma ya gari akitafuta jiwe la kuwekea kigingi. Hapa pana jambo ambalo karatasi yetu haikulitaja kabisa. Katika gari hili handibreki haishiki magurudumu. Hushika propela, mahali inapotoka kwenye giaboksi ndogo. Ekseli moja ya nyuma ikikatika, difu huyaacha magurudumu yazunguke hata kama propela imesimama. Kama magurudumu ya mbele yangekuwa yameungwa, handibreki ingelizuia gari kwa kupitia mbele. Lakini yalikuwa yameachiwa, kwa amri yetu. Gari likaanza kurudi nyuma polepole, halafu si polepole.

Utingo yule ana umri wa miaka kumi na saba. Alisikia sauti ya fundi, akaruka pembeni, na gari likapita mahali alipokuwa ameinama, likaenda kuegemea ukingo wa njia. Hakuumia mtu. Tulikaa kimya kwa muda. Kisha kijana dereva akaenda akaibandua karatasi, akatuletea, akaweka kidole juu ya sentensi ya nne.

"Kaka," akasema, "hapa si mmeandika barabara ngumu? Na hii si ngumu?"

Hatukuwa na jibu. Fundi aliitoa ekseli iliyokatika, akaunga mbele, na gari likarudi Kasulu likivutwa na magurudumu ya mbele peke yake, kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti.

KOSA LILIKUWA WAPI

Msomaji anaweza kusema kwamba kosa lilikuwa la dereva kutofahamu gari lake. Hatukubaliani na maoni hayo. Dereva alisoma Kiswahili sahihi na akakielewa kwa usahihi. Sisi ndio tuliotwaa neno lenye maana mbili, tukachagua ile tuliyokuwa nayo kichwani, tukasahau kwamba msomaji hana kichwa chetu. Mti ni mgumu, mtihani ni mgumu, mtu mchoyo ni mgumu. Lakini barabara iitwapo ngumu, kwa msemaji wa kila siku, haipimwi kwa nyundo bali kwa taabu ya msafiri. Jina likiambatana na kivumishi, huchagua maana moja na kuiacha nyingine. Kamusi hutupa maana zote za kivumishi. Mazoea ya wasemaji hutuambia ni ipi iliyo hai mbele ya jina fulani.

Tena kosa hili ni la hatari zaidi kuliko kosa la neno lisilojulikana. Neno geni humfanya msomaji asimame na kuuliza. Neno linalojulikana, lakini lililokusudiwa vingine, humfanya aendelee mbele kwa imani.

Tulipoipitia upya karatasi nzima pamoja na vijana wa gereji tuliona hatari nyingine mbili za namna hiyohiyo.

Ya kwanza ni neno "mafuta". Katika Kiswahili cha kila siku petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, oili ya injini ni mafuta, na kile kinachotiwa katika breki ni mafuta ya breki. Karatasi yetu, chini ya kichwa "Breki", ilisema: "Mafuta yakipungua, ongeza." Mwanafunzi mmoja wa ufundi alituuliza, "Mafuta gani?" Kama asingeuliza, angeweza kutia oili ya injini, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Oili hiyo huzivimbisha raba za breki zikawa laini, hata breki zikang'ang'ania au zikaacha kushika kabisa, na mfumo wote lazima uoshwe na raba zote zibadilishwe. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika maelekezo ya mitambo neno "mafuta" lisisimame peke yake hata mara moja.

Ya pili ni jina la gari lenyewe. Watu wengi huandika "gari la magurudumu manne", wakitaka kulitofautisha na magari mengine. Lakini teksi nayo ina magurudumu manne. Katika gereji husemwa "fowili", nalo ni neno linaloeleweka, ingawa linahesabu magurudumu tu bila kutaja kazi yake. Mafundi wetu, wanapoeleza kazi, hutumia vitenzi: gari "linavuta mbele na nyuma", dereva "anaunga mbele", kisha "anaachia mbele". Hapo mna tofauti zote zinazohitajika.

Tofauti hizo zina maana kwa sababu magari hayafanani. Toleo lililofuata, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1983 kwa jina la One Ten, huvuta mbele na nyuma wakati wote, na lina difu ya katikati ambayo dereva aweza kuifunga. Katika gari hilo hakuna kuunga mbele. Kuna kufunga na kufungua difu. Mfasiri akitumia kitenzi "kufunga" kwa magari yote mawili, mwenye gari la zamani atatafuta kitu kisichokuwapo. Kwa hiyo kabla ya kufasiri mwongozo hatuna budi kuuliza: ni toleo gani, na la miaka gani?

KUTENGENEZA, KUKARABATI, KUFUFUA

Neno jingine lililotushughulisha ni jina la kazi tunayoifanya. Nyaraka nyingi siku hizi husema "ukarabati" kwa kila kitu, kuanzia paa la shule hadi pampu ya maji. Katika gereji tulisikia vitenzi vitatu, na kila kimoja kina mpaka wake. Kutengeneza ni kuondoa hitilafu moja: breki haishiki, inatengenezwa. Kukarabati ni kubadilisha vilivyochakaa ili kitu kiendelee kutumika, bila kujali kama kipuri ni cha asili au la. Kufufua ni kulirudisha barabarani gari lililokufa, yaani lililoachwa kabisa. Lipo na tendo la nne, ambalo mafundi hulieleza kwa maneno mengi: kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani, rangi kwa rangi na nati kwa nati. Kwa hili tunapendekeza "kurudisha katika hali ya asili". Mwenye gari na fundi wakiandikiana mkataba, tofauti hiyo ni ya fedha nyingi, na neno moja lisilopimwa laweza kuwapeleka mahakamani.

Ama kwa shughuli hii kama burudani ya mtu, kamusi zetu zilizoea kuiita "uraibu". Lakini leo neno hilo husikika zaidi katika habari za dawa za kulevya na ulevi. Ndiyo maana tumeandika hapo juu kwamba gari tulilinunua kwa mapenzi tu. Wenzetu wa Kasulu hawakuhitaji istilahi zaidi ya hiyo.

MAPENDEKEZO

Baada ya kushauriana na mafundi, tuliandika karatasi mpya. Tunaitoa hapa orodha fupi ya maneno tuliyoafikiana, ili wasomaji wayajaribu katika kazi zao:

1. Kuunga mbele: kuyafanya magurudumu ya mbele yavute pamoja na ya nyuma.
2. Kuachia mbele: kuyarudisha magurudumu ya mbele katika hali ya kutovuta.
3. Gari la kuvuta mbele na nyuma: gari ambalo nguvu ya injini yake yaweza kufika kwenye magurudumu yote.
4. Giaboksi ndogo: giaboksi ya pili, igawayo nguvu kati ya mbele na nyuma, na yenye gia nyepesi na gia nzito.
5. Gia nzito: gia ya giaboksi ndogo ipunguzayo mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta.
6. Difu ya katikati: difu iruhusuyo magurudumu ya mbele na ya nyuma kutofautiana mwendo.
7. Handibreki ya propela: breki ya kuegeshea ishikayo propela badala ya magurudumu.
8. Ardhi isiyotelezesha: lami, saruji, au njia kavu iliyoshindiliwa.
9. Kulika: kuharibika kwa metali yoyote kwa unyevu au kemikali, kutu ni aina mojawapo, ya chuma.

Sentensi ya nne sasa yasomeka hivi: "Penye lami au njia kavu iliyoshindiliwa, achia mbele. Penye tope, mchanga au utelezi, unga mbele kabla hujakwama." Na chini yake tumeongeza nyingine: "Usitegemee handibreki peke yake mlimani, weka jiwe nyuma ya gurudumu kabla mtu hajapita nyuma ya gari."

Kabla ya kuibandika tulifanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya tangu mwanzo. Tulimpa utingo karatasi, tukamwomba aisome kwa sauti na kutuonyesha kwa mikono yake kila tendo linalotakiwa, nasi tukanyamaza. Aliposita, tulibadilisha neno, hatukumweleza. Alisita mara tatu. Mara ya nne hakusita, na ukurasa ule ndio uliomo garini hadi leo.

Tunawasihi wenzetu wafasiri waufanye mtihani huo kwa kila maelekezo yanayogusa mwili wa mtu, yakiwa ya dawa, ya umeme, ya mbolea au ya mashine. Atafutwe mtumiaji mmoja, apewe ukurasa, nasi tunyamaze. Walimu wa ufundi na watumishi walioko wilayani, ambao husikia maneno ya kazi kila siku, tunawaomba watuandikie maneno hayo pamoja na maana zake kama yanavyotumika kwao. Kijana wetu dereva tumekwisha kumwomba radhi. Alitujibu kwamba halina neno, ila safari ijayo tuandike kama watu wanavyosema.